Binti Aliyepisha Ngumi

Siku Biasha alipokwenda jimu kumtoa binti yake, alikuta mazoezi yameshaanza. Akaona si vizuri kumvuta msichana wa miaka ishirini na mmoja mbele ya wenzake, akakaa kwenye benchi kusubiri. Kosa lake ni hilo tu, kukaa. Angesimama mlangoni na pochi yake kwapani, akaita jina mara moja kwa ile sauti yake, maneno yangeishia pale. Lakini Biasha ni mtu ambaye akikaa ataangalia, akiangalia atataka kujua, na akishataka kujua, basi tena, msimngoje kwa chakula cha jioni.

Kwa kazi ni mhudumu katika ofisi moja ya serikali hapo Kibaha. Anachemsha chai, anabeba mafaili, anafuta meza za watu wanaosahau kumsalimia. Miaka kumi na sita ya kukaa kwenye kijichumba cha chai imempa elimu isiyo na cheti: anawajua watumishi wote kwa mshindo wa viatu vyao koridoni. Anajua nani anakuja, anajua kama anakuja na hasira, na kuna bwana mmoja wa masijala aliyeambiwa na Biasha akapime goti lake kabla mwenyewe hajajua kwamba linaumwa. Mguu wa kulia umeanza kuchelewa, alimwambia. Yule bwana alimcheka, na baada ya mwezi alikuwa anatembea na fimbo.

Jimu yenyewe si ya kujivunia: ghala la zamani nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, Maili Moja, sakafuni magodoro yenye viraka, darini mabegi mawili ya kupiga yananing'inia kwa minyororo. Mwenyewe ni kocha Ambokile, mtu wa Tukuyu, mpole kuliko kazi yake. Mchezo wanauita MMA. Ngumi zimo, mateke yamo, mieleka imo, na ukimwangusha mwenzio ruhusa unayo ya kuendelea naye pale pale chini. Biasha aliposimuliwa mara ya kwanza alisema huo si mchezo, huo ni ugomvi uliokosa watu wa kuamulia.

Lakini sasa yuko kwenye benchi, na mbele yake Brighton anapiga begi. Brighton alitokea kwenye ngumi za kawaida, na hilo ulilisikia kabla hujaliona: tatu za haraka, kimya cha kuvuta pumzi, kisha tatu tena. Kama mtu anayefagia uwanja, Biasha akawaza, ufagio mara tatu halafu hatua moja. Anayemtaka Brighton amvizie kwenye ile hatua. Leodegar, kijana mrefu wa Bukoba, hakuwa na mdundo wowote. Alizunguka, akaangalia pembeni, akajikuna sikio, na ghafla mguu wake ulishafika kwenye mbavu za mtu. Biasha akacheka peke yake, maana mama yake mzazi ndivyo anavyomkamata kuku wa kuchinja.

Aliyemchanganya ni Husseini, mtu wa mieleka. Ngumi zake zilikuwa nyingi na hazikumuumiza mtu. Biasha alijiuliza nusu saa nzima mtu mzima na ndevu zake anapoteza nguvu za nini, mpaka akagundua kwamba Husseini hapigi ili apige. Anapiga ili uinue mikono, na ukishainua tu, anaidaka miguu yako akuangushe. Wateja wa namna hiyo wapo sokoni: anakuuliza bei ya vitunguu, macho yako kwenye nyanya.

Mazoezi yalipokwisha Hajra alimjia mama yake kichwa kikiwa chini, tayari kwa lolote. Akaulizwa yule mrefu anaitwa nani, na kwa nini anajikuna sikio.

Msidhani Biasha alilainika. Alichokitaka kwa bintiye kilikuwa wazi tangu zamani: chuo cha ualimu wa chekechea, kazi yenye heshima, pua iliyonyooka. Ila alikuwa mtu wa haki, na njiani wakirudi nyumbani wakawekeana ahadi. Hajra atapigana mapambano matatu. Akishinda hata moja, aendelee na mchezo wake. Akipoteza yote matatu, anaacha bila manung'uniko na anakwenda chuo. Mashaka, mume wa Biasha, fundi wa pikipiki na mtu asiyependa kelele, aliitwa awe shahidi, naye akashuhudia huku anakula.

Pambano la kwanza Hajra akashindwa kwa pointi. La pili, na msichana mmoja wa Temeke, akashindwa kwa pointi vilevile. Na hapa pana jambo la ajabu, maana Hajra hakuwa mwoga wala hakuwa mchovu. Ngumi yake ilikuwa nzito, Brighton mwenyewe aliisifu. Alipigwa bila kulia, akapiga bila huruma, na bado majaji waliinua mkono wa mwenzake. Kocha Ambokile akasema tatizo ni moja tu, Hajra anachelewa. Akamwekea mazoezi ya kasi: kuruka kamba, kukimbia, kupiga begi huku anapimiwa saa.

Biasha hakuridhika na jibu hilo. Kama ni kuchelewa, mbona hachelewi njiani, hachelewi mezani, hachelewi kudaka glasi inayoanguka? Likawa linamkereketa.

Video ya pambano la pili alikuwa nayo kwenye simu. Asubuhi moja kwenye kijichumba cha chai aliizima sauti, akaiegemeza simu kwenye chupa, akaanza kugonga mezani kama alivyozoea sasa kuwasoma wapiganaji: kidole cha kushoto kwa kila pigo la msichana wa Temeke, cha kulia kwa kila pigo la Hajra. Alishawagonga hivyo akina Brighton wote, na vidole vyake vilipandana na kutangulizana hovyo, kwa sababu watu wanaopigana hawapangiani zamu. Kwa Hajra vidole vilikwenda vizuri kabisa. Kushoto, kulia. Kushoto, kushoto, kulia, kulia. Raundi nzima ikapita na havikutua pamoja hata mara moja. Akarudisha nyuma, akagonga tena. Chai ya mkuu wa ofisi ikachemka, ikamwagika, ikazima jiko, naye hana habari.

Mikono yake ndiyo iliyotambua kabla ya kichwa. Kugonga kule alikuwa anakujua tangu utoto.

Kwao ni Chole, Kisarawe ndani huko, mbele ya Maneromango. Kinu kimoja hutwangwa na watu wawili. Mkubwa ndiye anayeanza na mdogo anapokea: mchi wa mkubwa ukipanda, ndipo wa mdogo ushuke. Hakuna kutangulia. Michi ikigongana, mwenye kosa ni mdogo hata kama si yeye, na ataomba radhi. Asipoomba anatolewa kinuni mbele ya wanawake wote, na msichana aliyetolewa kinuni atazungumzwa mpaka kisimani. Hajra alilelewa na bibi yake huko hadi alipomaliza darasa la saba. Kila likizo Biasha alikwenda kutwanga naye, na kila mtoto alipotangulia, Biasha alimgonga vidole kwa mwiko. Alimfundisha vizuri. Alimfundisha hadi mwili ukajua kwamba mwenzako anapopiga, wewe unangoja.

Biasha akakaa kwenye ndoo ya maji iliyofunikwa, akajishika tama. Aibu ilimpata kwanza, kisha huruma, na kisha, jamani tuseme ukweli, ikaja furaha. Pambano la tatu lilibaki wiki tatu. Nafasi ya chuo ilishapatikana, na fomu ya kujiunga ilikuwa kabatini, imeshajazwa. Hakutakiwa kusema uongo wala kumzuia mtu. Alitakiwa anyamaze tu, na Hajra angemrudia mwenyewe.

Akanyamaza siku tano. Kwa mtu mwingine siku tano si kitu, lakini kwa Biasha kukaa na jambo analolijua yeye peke yake ni sawa na kukaa na kaa la moto mdomoni. Aliswali huku vidole vinataka kugonga. Alimjibu Mashaka mambo ambayo hakuulizwa. Siku ya sita alikwenda jimu, akamkuta kocha anamkimbiza Hajra kwenye mazoezi ya kasi, na akaona kwa macho yake kwamba kasi inaongezeka na zamu inazidi kunyooka. Walikuwa wanaupaka rangi ugonjwa. Akanyanyuka kwenye benchi kabla hajajishauri.

“Mwalimu, huyu hachelewi,” alisema. “Anapisha.”

Ambokile aliuliza anampisha nani.

“Yeyote anayepiga. Mtazame. Mkono wa mwenzake ukiwa njiani, wake haujawahi kutoka. Hata siku moja.”

Kocha alimtazama, akamwita Brighton, akampambanisha na Hajra. Dakika mbili zilitosha. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia msiba, mtoto huyu alifundishwa na nani. Biasha hakumung'unya maneno, akajibu kwamba alifundishwa na yeye.

Ungedhani kujua ndiyo kupona. Wapi. Kocha alimweleza Hajra, Hajra akaelewa, akaitikia, na mkono ukakataa. Ngumi ya Brighton ilipotoka, yeye akangoja. Walijaribu wiki nzima. Alilia kwa hasira chooni akidhani hasikiki. Biasha alimsikia, na hapo ile fomu ya kabatini ikamtoka kichwani, akataka jambo moja tu, ajue kama alichokifunga yeye kinaweza kufunguka.

Jumamosi akamchukua wakaenda Chole. Walipita Mlandizi na Mzenga, barabara imeoza kwa mvua, na kutoka Maneromango bodaboda mbili ziliwafikisha wakiwa na tope hadi magotini. Walimwamkia bibi yake Hajra, wakanywa maji, na bibi hajamaliza kuuliza habari za mjini, Biasha alishaomba kinu. Akatia makopa ya muhogo. Akaanza, Hajra akapokea, na ilikuwa raha kuwasikiliza, hata bibi aliyekuwa jikoni akasema mjukuu wake hajasahau.

Kisha Biasha akamwambia ashushe mchi wakati mmoja na wake. Hajra akajaribu. Mchi ulifika juu ukagoma, ukashuka kwa zamu yake. Akaambiwa tena, ukagoma tena. Biasha akafoka, na katikati ya kufoka akajiona upuuzi wake: anamwamuru mtoto aache kutii, na mtoto anajitahidi kutii hilo nalo. Akaendelea kutwanga polepole, na zamu ya Hajra ilipofika, akashusha wa kwake.

Michi ikagongana. “Samahani, mama,” akasema Hajra, na kosa halikuwa lake.

Biasha akaingia tena kwenye zamu yake. Samahani, mama. Akaingia tena, akaingia tena. Makopa yakaruka nje ya kinu. Bibi akatoka jikoni na upawa mkononi, akataka kujua ni wazimu gani huu, kwamba kinu hicho ni cha mama yake mzazi na hakijawahi kuonewa namna hiyo. Michi ikaendelea kugongana. Hajra alikuwa ameacha kusema samahani kwa sauti, alikuwa anaisema kwa midomo, kisha midomo ikafungika. Biasha alinyanyua mchi, akaanza kuushusha kwa zamu yake mwenyewe, zamu ya halali, na ndipo Hajra akaja. Alikuja kwa nguvu zake zote na mama yake yuko nusu ya njia. Mchi wa Biasha ukamtoka mikononi, ukaenda kuangukia jivu, na kidole gumba cha kulia kikabaki kati ya mti na mti.

Alikaa chini kwa maumivu. Bibi alikuwa anapiga kelele. Hajra alisimama na mchi wake, anahema, anamtazama mama yake usoni, na hakuomba radhi. Biasha alimtazama na yeye, kidole kinavimba, na ndani ya maumivu yale alijisikia kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba asiyoijua. Wakatwanga makopa yaliyobaki hovyo hovyo mpaka adhuhuri, na bibi hakusema nao mpaka walipoondoka.

Pambano la tatu lilikuwa Jumapili, saa kumi alasiri, kwenye ukumbi mmoja hapo Kibaha. Mpinzani alikuwa Aneth wa Morogoro, na Biasha alishamsoma: ngumi mbili za kushoto za kupimia, kisha ya kulia ya nguvu, kila mara hivyo hivyo. Alikaa mstari wa mbele pamoja na Mashaka, kile kidole gumba alichoumia kinuni kimefungwa bandeji, ukucha umekuwa mweusi. Mikono akaiweka magotini, tayari kugonga.

Raundi ya kwanza, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Hajra alipisha kama aliyelipwa kupisha. Kocha kwenye kona aliongea kwa ukali ambao si wake. Raundi ya pili ikaanza, Aneth akapima moja, akapima mbili, akaachia ya kulia, na mikono yote miwili ya Biasha ikagonga magotini kwa pamoja. Hakuwa amekusudia. Kule ulingoni wote wawili walikuwa wamepigwa. Damu ilimtoka Hajra puani, lakini aliyerudi nyuma hatua mbili, macho yamemtoka kwa mshangao, ni Aneth.

Ikatokea tena, na tena. Kila ngumi ya Aneth ilipoanza safari ilikutana na nyingine njiani, na ya Hajra ilikuwa nzito zaidi. Raundi ya tatu Biasha aliona kitu kilichompendeza kuliko damu yote ile: Aneth sasa ndiye aliyekuwa anangoja. Alinyanyua mkono, akasita, akaushusha. Hakuwa na mdundo tena. Hajra akaingia katikati ya kusita kule kwa ngumi mbili na teke, Aneth akapiga goti, na mwamuzi akasimama kati yao, akalikatisha pambano. Mashaka, asiyependa kelele, alikuwa amepanda juu ya kiti.

Nje ya ukumbi kocha Ambokile aliwakuta wote watatu. Hajra alikuwa na pamba puani. Kocha akasema ana habari, na angependa aiseme mbele ya wazazi: kuna kambi Arusha, miezi minne, wanachukua wasichana wawili tu, na mtu wa kambi alikuwemo ukumbini akaona. Wanamtaka Hajra kuanzia wiki ijayo.

Wiki ijayo ndiyo wiki ambayo chuo kinafunguliwa.

Ahadi ni ahadi, na Biasha hakuwa na nia ya kuivunja. Aendelee na mchezo, ndiyo walivyokubaliana, lakini mchezo wa Maili Moja, jioni baada ya masomo. Nani alitaja Arusha? Akakiweka sawa kitambaa chake, akaanza kuzungumza kama anavyozungumza siku zote katika jambo kubwa, kwa utaratibu, na watu wake wananyamaza mpaka afike mwisho. Alimshukuru kocha. Alimsifu Aneth, msichana wa watu. Akasema wao kama wazazi wamefurahi, hakuna anayekataa, ila mtoto wa kike anahitaji kitu cha kushika maishani, na kwa kuwa nafasi ya chuo imeshapatikana, wao walikuwa wameona ni vyema Hajra kwanza...

“Nakwenda Arusha, mama.”

Hakupaza sauti. Alisema tu, mama yake akiwa katikati ya neno, na neno la Biasha likamkatikia mdomoni. Mashaka akatazama viatu vyake. Miaka ishirini na mmoja msichana huyu hakuwahi kuingia kwenye maneno ya mama yake, hata akiwa na homa, hata akiwa na haki. Biasha alisubiri. Alijua kinachofuata, alikifundisha mwenyewe kinuni, akampa binti yake muda wa kutosha wa kukisema. Hajra alikuwa anamtazama tu, na hakusema.

Ilimuuma. Ilimuuma kuliko kidole, machozi yakamjaa, akayafuta kwa bandeji. Kisha, kwa kuwa ndivyo alivyo na hatabadilika, akamuuliza hilo basi la Arusha linaondoka saa ngapi, na kabla hajamaliza kuuliza Hajra alikuwa ameshamjibu.